Mrejesho: Jogoo anayemrukia mwanangu uwani

Ahsanteni sana wenzangu. Niliuliza kuhusu jogoo wetu hapa Kisauni, anayemrukia mwanangu kila akienda kuokota mayai. Kweli, kumtishia kwa ufagio humzidishia ukali. Sasa akishusha bawa na kuanza kunizunguka, namkamata, namkumbatia kwapani nimembana mabawa, hadi atulie ndipo nimwachilie. Kwangu amekuwa mpole kabisa.

Lakini jogoo bado anamvizia mtoto, manyoya ya shingo yamesimama, na ile kucha ya nyuma ya mguu ni ndefu, imechongoka. Ikimpata jichoni je? Hapana, hilo silikubali. Isitoshe, majogoo ni wawili kwa matetea wachache, na jogoo mmoja huwatosha hata kumi. Huyu mkali tunamchinja Ijumaa, mwenzake abaki.