Ukiajiriwa Kwale ulale Kwale, au uendelee kuvuka feri?

Mkaazi wa Tiwi (mwenye mada):
Wiki jana nlikuwa na shida ya karatasi za shamba la marehemu baba, nikapanda mpaka Kwale mjini kwenye ofisi moja, jina silitaji. Nafika saa mbili na robo nakuta askari na paka. Afisa mwenyewe kaingia saa nne kasoro, ndala miguuni, viatu vya ofisi kwenye kikapu, anasema poleni jameni leo feri ilikuwa mbaya. Haya, tukanyamaza. Saa tisa unusu ndala zisharudi miguuni na foleni bado ina watu sita, kisa anawahi feri kabla haijajaa. Sasa huyu analipwa kutuhudumia ama kusafiri? Mie nasema kaunti iweke sharti, ukipewa kazi Kwale hamia Kwale. Mshahara watoka huku, kodi ya nyumba yalipwa Mombasa, unga wanunuliwa Mombasa, watoto wasoma Mombasa, sisi twabaki kungoja kwenye benchi. Hebu tujadili, bila matusi.

Nesi:
Kaka pole na usumbufu lakini sikiza siku yangu halafu uhukumu. Naishi kisiwani Mombasa, kazi ni ng'ambo huko Kwale, saa kumi na nusu alfajiri nshatoka, tuktuk mpaka feri ya Likoni. Sisi wa miguu twavuka bure, sikatai. Lakini kwanza feri ifike, na ikifika imejaa wenzetu wa Likoni waja kazini mjini, basi wewe wajibana pembeni uwapishe, watu wapanda ule mteremko hawaishi, mara mikokoteni, mara mama na sinia la mahamri kichwani, ndo na wewe uingie. Mfereji wenyewe hata nusu kilomita haufiki sana! Ng'ambo matatu hazivuki, wapanda nyengine Likoni, na haitoki mpaka ijae. Siku feri zote nzima nafika kwa saa moja na nusu, siku moja ikizima ni saa mbili na nusu mpaka tatu, na hakuna anayekwambia usiku kwamba kesho itazima. Mume wangu kazi yake iko bandarini. Nikihamia Kwale yeye ndo ataanza kuvuka, sasa hapo tumetatua nini?

Dereva wa Likoni–Kwale:
Huyo afisa wa mwenye mada amewapiga kamba. Saa kumi jioni wimbi la watu linatoka kisiwani kuja Likoni, yeye anaenda kinyume, feri ya kurudi kisiwani saa hiyo waweza kunyoosha miguu. Aseme tu anataka kwenda nyumbani.
Lakini kwa dada nesi nakubali, na kosa ni letu nusu. Asubuhi abiria wote wanashuka kuja Likoni, naingia steji nimejaa mpaka mlangoni (askari asisome hapa, najua sheria ni abiria 14), kugeuka nirudi Kwale sina mtu. Nikitoka na watu watano sirudishi hata mafuta, na tajiri anataka hesabu yake jioni. Basi nawakalisha dakika 40, walimu na makarani watupu wananinunia kwenye kioo. Mkitaka nitoke kwa saa maalum, wakusanyike 14 tuelewane kwa mwezi, mbona wenye watoto wa shule wanaweza.

Mwenye gari:
Nyie bado mnalia na feri na barabara ya Dongo Kundu, ile ya kwenda kusini bila feri, ishafunguliwa tangu 2024? Mie niko Mikindani, naingia Miritini, madaraja yale ya Mwache na Mteza upepo mwanana, natokea Kibundani, sijui hata feri siku hizi iko rangi gani. Wahamie Changamwe huko.

Nesi:
Nipe na gari basi.

Msomaji wa katiba:
Sharti la mwenye mada halisimami mahakamani. Kifungu cha 39 cha katiba kinampa raia haki ya kuishi popote Kenya. Kaunti inaweza kukudai saa mbili uwe mezani, basi. Ulilala wapi si shughuli yao. Na mjue kitu kimoja, house allowance, yaani posho ya nyumba, inahesabiwa kwa kituo cha kazi, si kwa unapolala, kwahivo huyu wa Kwale anayelala Mombasa analipwa kiwango kidogo na kodi anatoa ya mjini. Hafaidi kama mnavyodhani.

Mwalimu, Kinango:
Mmejaa hapo na Likoni yenu kana kwamba Kwale inaishia Kombani. Mie ni Mduruma, mzaliwa, nalala huku huku kwetu, na bado natembea saa moja na dakika kumi kila asubuhi. Ndani ndani kupita Kinango gari ni moja, inatoka alfajiri kwenda mjini inarudi jioni, yaani imepangwa kwa anayetoka kijijini kwenda soko, sio kwa anayekuja kijijini kufundisha. Iliyobaki ni boda, mvua ikinyesha boda nao wakiona ule mto wa mchanga umeshuka maji wanageuza. Nimeshavua viatu nikavuka na madaftari ya darasa la sita kichwani, watoto upande wa pili wanacheka. Kwahivo hata mkiwahamisha wote wa Mombasa kesho, kwangu hakuna atakayefika mapema. Ila nawe nesi usikasirike, hapa kwetu wapo wanaopokea alawansi ya mazingira magumu na magumu yenyewe wanayaona Jumatatu mpaka Alhamisi tu, Ijumaa saa sita kasoro mtu ashakwea boda.

Mzee wa Mtongwe:
Vijana mwasema kuvuka kama jambo dogo. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama asubuhi, wakafa watu 272, wengi wao walikuwa waenda kazini tu. Mimi siku ile nlichelewa kwa sababu ya kutafuta shati. Tangu hapo daraja la Likoni twaahidiwa kila uchaguzi. Mtu akiniambia amechelewa sababu ya feri mie simuulizi la pili.

Mkaazi wa Tiwi (mwenye mada):
Mzee shikamoo, hapo umenifunga mdomo kidogo. Sharti nalirudisha nyuma basi, katiba imenishinda. Lakini kwa kuchelewa sijamsamehe mtu, na mwalimu amenionyesha kitu, wenye ofisi wangeweka hata basi moja la wafanyakazi kutoka Likoni saa kumi na mbili unusu, na lengine liingie Kinango, fedha za magari ya wakubwa mbona hazikosi. Na nyumba za wafanyakazi zijengwe karibu na zahanati na shule, mtu asiseme hakupata pa kulala. Dada nesi, wewe ukipata nyumba Kwale mjini waja, ama kinachokuzuia ni kazi ya mume tu?

Nesi:
Nlitafuta mwaka jana kwa siku za zamu. Chumba kipo, maji hakuna. Nesi nitaoga na nini?

Dereva wa Likoni–Kwale:
Kuna vyumba viwili juu karibu na steji, mwenyewe ni shemeji yangu, maji yatoka siku mbili kwa wiki.

Nesi:
Siku gani?