UKOO WA MAKORORA: begi la Mwanaidi

JUMAMOSI

16:02 Da Zuhura: Asalam aleikum wana ukoo. Nakumbusha kwa mara ya mwisho. Mwanaidi anasafiri Alhamisi kwenda Addis, mwezi ujao Doha, zote safari za kazi. Tulikubaliana tumnunulie begi la matairi la kuwekea laptopu. Mchango 15,000 kila nyumba. Mpaka sasa nyumba tatu. TATU. Majina ninayo.

16:04 Da Zuhura: 📷 Picha
Hili nimeliona Ngamiani, 165,000. Gamba gumu, tairi nne, lina na tundu la kuchajia simu. Nimeweka arbuni 50,000 ya mfukoni kwangu lisije likachukuliwa.

16:05 Rama: Zuri. Lina AC?

16:05 Shemeji Hamza: 😂😂

16:06 Da Zuhura: Rama mchango wako uko wapi

16:09 Rama: Uko njiani dada, umekwama Segera

17:21 Seif: Da Zuhura shikamoo. Begi hilo lina vipimo gani? Urefu, upana na kina, pamoja na tairi na mkono wa kuvutia ukiwa umeshushwa.

17:22 Da Zuhura: Marahaba. Muuzaji kasema inchi 20, la ndani ya ndege kabisa, na kibandiko kinasema hivyo.

17:26 Seif: Inchi 20 za dukani mara nyingi ni gamba peke yake. Tairi nne za kuzunguka zinakaa nje ya gamba, zinaongeza sentimita 4 hadi 5. Sasa inchi 20, ambazo ni sentimita 51, zinakuwa 55 au 56. Kila shirika la ndege lina kipimo chake cha begi la ndani: Ethiopian wanataka 55 x 40 x 23. Qatar 50 x 37 x 25. Emirates 55 x 38 x 22. Ukitaka begi moja lipite kote, kila upande chukua kilicho kidogo: 50 x 37 x 22. Pima kwa futi ya fundi cherehani, kibandiko achana nacho.

17:27 Da Zuhura: Kwa hiyo hili halifai?

17:27 Seif: Kwa Addis linaweza kupita. Kwa Doha ataomba radhi kaunta.

17:30 Seif: Na kuna uzito, ambao ndio unaowakamata wengi. Daraja la kawaida kote kutatu ni kilo 7, na begi lenyewe limo humo. Gamba gumu la tairi nne mara nyingi linakaribia kilo 3 likiwa tupu. Laptopu ya inchi 15.6 na chaja yake ni kilo 2 na nusu. Amebakiwa na kilo 1 na nusu ya nguo, makaratasi na viatu.

17:31 Rama: Viatu avae vyote

17:31 Rama: Na kanga tano juu

17:32 Shemeji Hamza: 😂😂😂 Mwanaidi anaingia ndegeni kama bi harusi

17:40 Da Zuhura: Jamani tuko kwenye jambo la maana. Seif, kwa hiyo unataka anunuliwe la mgongoni kama mwanafunzi?

17:44 Seif: La mgongoni lina kilo 1 hivi, kwa hesabu ya uzito ndilo linaloshinda. Lakini akishuka na kilo 7 mgongoni, na baibui, na kikao saa tatu asubuhi, atafika kaloa. Tairi zina maana yake. Atafute la kitambaa la tairi mbili, lisizidi kilo 2 na nusu likiwa tupu. Yapo.

18:15 Juma (fundi): Nimesoma juu. Naunga mkono tairi mbili. Mabegi yanayoletwa kwa mafundi hapa mjini, tatizo la kwanza ni tairi za kuzunguka. Kila tairi imening'inia kwenye kipini kimoja chembamba. Kwenye marumaru za uwanja wa ndege inateleza vizuri, likifika kwenye mchanga au kokoto linasukumwa kwa ubavu, kipini kinapinda, halafu tairi inaanza kutetemeka kama ya toroli la sokoni. Tairi mbili zimeingia ndani ya kona ya begi, ekseli ni nene, na ukilivuta unaliinamisha kwa hiyo zinaruka vijiwe.

18:16 Juma (fundi): Anayeenda kununua aligeuze begi miguu juu. Azungushe tairi kwa kidole. Ikiwa na beringi itazunguka muda mrefu bila kelele. Ikikwaruza na kusimama hapo hapo, ni plastiki juu ya chuma. Kisha aishike aitikise kushoto kulia, isicheze. Kisha atazame imefungwa na nini. Ikiwa ni skrubu, fundi anaitoa dakika tano anaweka nyingine. Ikiwa ni ripiti, inabidi itobolewe kwa drili.

18:17 Juma (fundi): Na kitambaa cha ndani kiwe na zipu kule chini. Skrubu za tairi na za mkono ziko nyuma ya kitambaa hicho. Kisipokuwa na zipu, kila matengenezo kinachanwa na kushonwa upya.

18:19 Rama: Tanga waja leo warudi leo, tairi ndiyo hairudi

18:20 Halima: Tukizungumzia tairi zisizorudi, lile begi la Muscat liliporudi kutoka Pangani lilikuwa na tairi ngapi?

18:20 Rama: 🙈

18:24 Da Zuhura: Halima usianze.

18:25 Halima: Nimeuliza hesabu tu.

18:25 Da Zuhura: Na kufuli lililokatwa, nani alikata? Tuseme yote basi.

18:26 Halima: Ujumbe huu umefutwa

18:27 Halima: Ujumbe huu umefutwa

18:31 Shemeji Hamza: Ndugu zangu, tusali magharibi kwanza

20:48 Mwanaidi: Shikamooni wakubwa. Samahani nilikuwa kazini. Asanteni sana kwa kunifikiria. Laptopu yenyewe ni inchi 15.6.

20:55 Seif: Inchi hizo ni za kioo, kona kwa kona. Funga laptopu upime bodi.

21:10 Mwanaidi: 36 kwa 24 na nusu. Unene 2 na kidogo.

21:18 Seif: Sasa hapa ndipo begi linapochaguliwa. Begi la upana 37 kwa nje, ndani unabaki na 33 au 34. Laptopu ya 36 hailali. Lazima mfuko wake uwe wa kusimama, yaani laptopu inaingia kwa ubavu mfupi. Mengi yana mfuko mpana wenye mdomo mzuri, ukiingiza laptopu zipu haifungi kwenye kona. Au chukua lile umbo la mkoba wa ofisini lenye tairi, 43 kwa 36 hivi, hapo inalala raha mustarehe. Ila hilo nguo zake ni za usiku mmoja tu.

21:19 Mwanaidi: Addis ni siku tatu

21:20 Seif: Basi chukua lenye mfuko wa kusimama.

21:24 Seif: Ingiza mkono ndani ya mfuko wa laptopu mpaka chini. Sponji iishie sentimita 2 au 3 juu ya sakafu ya begi, laptopu iwe inaning'inia. Mfuko ukigusa sakafu, kila ngazi unayolishusha begi inapiga kona ya laptopu, na kinachoanza kufa ni bawaba ya kioo. Chaja usiiweke upande wa kioo. Ile tofali yake ikikandamizwa inaacha doa jeupe ambalo halitoki.

21:26 Shemeji Hamza: Na lile tundu la USB? Mimi hilo ndilo lililonivutia

21:33 Seif: Tundu peke yake ni waya, halina madhara wala faida kubwa. Shida ni begi lenye betri yake humo humo. Tangu Januari 2018 mashirika mengi hayapokei begi ambalo betri yake haitoki. Pawa benki nayo isizidi Wh 100 (wati-saa, yaani umeme unaobebwa na betri). Hesabu: ile namba ya mAh iliyoandikwa ubavuni gawa kwa 1,000 zidisha kwa 3.7. Ya 20,000 ni Wh 74, inapita. Isiyo na maandishi ubavuni wanaichukua. Na Emirates tangu 1 Oktoba 2025 unaruhusiwa kuwa nayo moja lakini kuitumia angani hapana.

21:35 Seif: Pawa benki haishuki kwenye buti ya ndege. Ndege ikijaa, mlangoni wanachukua mabegi ya matairi kwanza, wanayateremsha chini. Hapo una nusu dakika. Kwa hiyo laptopu, pawa benki, pasipoti na dawa vikae kwenye kipochi kimoja kinachochomoka kwa mkono mmoja. Gamba gumu linafunguka katikati kama chaza, huwezi kuchomoa kitu ukiwa kwenye foleni bila kuwaonyesha watu nguo zako.

21:36 Rama: Chaza 😂 Seif umekuwa mshairi

21:37 Da Zuhura: Rama 15,000

JUMAPILI

06:40 Simu ya Bibi: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:12)

06:52 Simu ya Bibi: Mimi Tatu naandika kwa ajili ya walio kwenye kelele. Bibi anasema hivi: "Nimesomewa yote. Begi la Muscat lilikuwa la mume wangu, na baada yake likawa langu. Nilikwisha samehe, aliyelitumia na aliyelifungua. Nisisikie linatajwa tena humu. La pili, begi la mtoto mnaligombania nyinyi na mbebaji ni yeye. Mwanaidi aende mwenyewe dukani na hiyo kompyuta yake, apakie, avute, ndipo aseme. Nyinyi toeni pesa."

06:53 Simu ya Bibi: Mwisho wa kunukuu. Bibi yuko macho tangu alfajiri.

07:30 Da Zuhura: Tumesikia Bibi. Shikamoo.

07:31 Shemeji Hamza: Shikamoo Bibi

07:58 Halima: Shikamoo Bibi. Tumesikia.

11:15 Da Zuhura: Halima ametuma. Hamza ametuma. Sasa ni tano. Jamani na arbuni yangu 50,000 je? Nimempigia muuzaji, kasema pesa harudishi ila anaweza kubadilisha. Analo la kitambaa la tairi mbili, 185,000.

11:16 Rama: Lina tairi pungufu halafu bei imepanda

11:20 Juma (fundi): Inategemea kitambaa. Akitazama ndani ya lebo kama ni 1680D (D ni kipimo cha unene wa uzi) ni kitambaa kinene, hiyo bei si mbaya. 600D ni polista nyepesi, kona zinachanika karibu na tairi. Zipu kubwa iwe namba 8 au 10, namba iko nyuma ya kichwa cha zipu. Meno ya plastiki, sio ya chuma. Kwa chumvi ya hapa pwani, chuma kinashika kutu likikaa tu kabatini.

11:22 Shemeji Hamza: Zipu ikianza kugoma tutie mafuta ya cherehani?

11:23 Juma (fundi): Hapana, mafuta yanakusanya vumbi linageuka tope. Sugua mshumaa kwenye meno, vuta mara kadhaa, basi. Bomba za mkono zifute kwa kitambaa cha maji baridi, kausha. Ule unga mweupe kwenye alumini ndio unaokwamisha mkono usishuke.

11:25 Juma (fundi): Na mkono ujaribiwe begi likiwa na mzigo. Vuta mpaka juu, tikisa. Ukicheza kidogo ni kawaida, ukipinda usichukue. Halafu achia begi lisimame lenyewe huku mfuko wa mbele umejaa. Mengi yanaanguka kifudifudi, na laptopu ikiwa mbele ndiyo inayotua kwanza. Laptopu ikae nyuma, upande wa bomba.

13:02 Ami Bakari: Asalam aleikum. Nilikuwa shamba Pongwe, sina mtandao. Kwani kwenda Dar anapanda nini?

13:03 Da Zuhura: Ami shikamoo. Basi la alfajiri, stendi ya Kange.

13:09 Ami Bakari: Marahaba. Begi buti, laptopu mapajani. Chini ya basi kuna joto na vumbi na magunia ya watu. Na hata akiamua hizi ndege ndogo za hapa, hazina keria juu ya kiti, begi la matairi linaenda tumboni mwa ndege. Kipochi anachosema Seif ndicho kitu. Halafu begi alifunge kitambaa chekundu kwenye mkono wake, mabegi meusi yote ni ndugu.

13:10 Da Zuhura: Ahsante Ami. Na mchango Ami.

13:31 Ami Bakari: Nitampa Mwanaidi mkononi.

13:32 Da Zuhura: Ami upite kwangu ili hesabu zikae sawa

14:15 Da Zuhura: Kwa hiyo: kesho saa kumi Mwanaidi na mimi dukani. Tofauti ni 20,000 juu ya bei ya kwanza. Nani anaongeza?

14:15 Da Zuhura: ?

14:40 Da Zuhura: Naona tiki za buluu kumi na moja.

15:05 Halima: Bibi kasema Mwanaidi aende mwenyewe.

15:06 Da Zuhura: Namsindikiza tu. Risiti ya arbuni ina jina langu.

15:20 Seif: Mwanaidi, ukienda beba laptopu, chaja, na vitu vya kilo 3 hivi. Pakia pale pale. Mizani ya kuning'iniza utaipata kwa wapima nafaka soko la Mgandini, omba dakika moja. Ikivuka kilo 7 ukiwa Tanga, Dar haitapungua. Chupa za mafuta na manukato zisizidi mililita 100 kila moja, ziwe kwenye mfuko mmoja unaoonyesha ndani.

15:21 Rama: Nimetuma 10,000. Tano iko Chalinze

15:22 Da Zuhura: Nimeiona. Tano nakusubiri.

19:47 Mwanaidi: Shikamooni. Kaka Seif nimekuelewa, kesho nitabeba vyote. Ila bosi ameniambia leo kuwa ofisi inatubadilishia laptopu, zinakuja za inchi 14.

19:49 Seif: Ya 14 inalala kwenye begi la 37. Mfuko wa kusimama hautakuwa na haja, na kilo nusu utaokoa. Zinakuja lini?

19:50 Mwanaidi: Hawajasema. Labda kabla ya Doha.

19:50 Da Zuhura: Mwanaidi nipigie.