Miwani ya kamera unaiendesha kwa macho, nichukue au ni changa la macho?

FundiKabwe: Wakuu habari za saa hizi, mi ni fundi simu huku Mwanjelwa, kazi zangu narekodi naweka TikTok sasa mikono yote inakuwa bize, huku kibano huku bloa, simu ya kurekodia nimeiegemeza kwenye kopo inateleza kila saa. Kuna jamaa wa Tunduma ana miwani ya kamera, anasema ukikonyeza inapiga picha, ukikodoa inavuta karibu. Laki na themanini, anataka nusu ndo apakie kwenye basi. Mnasemaje?

Mtu wa Vwawa: Hela kaa nayo kwanza kaka. Kukonyeza kulikuwepo kweli, miwani ya Google Glass waliiweka 2013, ila ile ilikuwa dola 1,500. Hizi Ray-Ban Meta zilizoanza 2023 kwa dola 299 unabonyeza kitufe kwenye fremu au unaiamrisha kwa sauti, macho yako haina habari nayo. Sasa ya laki na themanini ikusome jicho?

dada_wa_Tukuyu: Ili isome jicho lazima upande wa ndani kuwe na vikamera vinakuangalia wewe, pamoja na vitaa vya infraredi, mwanga unagonga jicho unarudi, mashine inapima kile kimng'ao kipo wapi ukilinganisha na mboni ndo inajua umeangalia kona gani. Kile kifaa cha kuvaa usoni cha Apple Vision Pro kinafanya hivyo, ila kilitoka kwa dola 3,499 na kinaziba nusu ya uso. Muombe jamaa akutumie video ya upande wa ndani.

Mzee Uyole: Mi nawaza wateja wako kijana. Mtu kakufungulia simu, kuna picha za mkewe na meseji za miamala, we una kamera usoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ishaanza kazi. Hata hizo Ray-Ban zina taa ndogo inawaka ukirekodi ili watu wajue.

FundiKabwe: Shikamoo mzee, wateja nitawaambia kabla. Video katuma 😂😂 anakonyeza huku kidole kipo kwenye fremu, namuuliza cha nini anasema "kinaamsha jicho". Ndaga fijo wadau, asanteni sana.

Mtu wa Vwawa: 😂😂 Nunua ule mkono wa kukunja unaobana kwenye meza, simu iangalie bodi kwa juu. Fundi unainama unainuka, video ya miwani ingewapa watu kizunguzungu.

dada_wa_Tukuyu: Au kama una maikroskopu ya matundu matatu, kamera inakaa lile la juu, hapo hadi kapasita inaonekana.

FundiKabwe: Yangu ina mawili. Huo mkono Mwanjelwa naupata duka gani?