Ushauri: nisome barua pepe kwa programu gani ndani ya Emacs?

mchapamaneno
Wakuu salaam. Mimi ni mtafsiri, kutwa nashinda ndani ya Emacs, programu ninayoandikia. Kinachonitoa humo ni barua pepe tu. Nikifungua kivinjari nimjibu mteja mmoja, nikija kushtuka nusu saa imekwenda na sijamjibu.

Nilianza na Gnus kwa kuwa inakuja na Emacs yenyewe. Nikasoma barua nne za kwenye kikasha, nikatoka. Kurudi, kikasha hakipo! Si barua, folda nzima imeyeyuka. Jasho lilinitoka, nikakimbilia simu, kumbe barua zote zipo. Halafu ikiwa inavuta barua Emacs yote inaganda, huandiki hata herufi.

Nina anwani mbili, moja ya Gmail, jumla barua kama 30,000. Natumia bando, na huku kwetu umeme ukikatika mtandao nao unaondoka. Nasikia kuna wasomaji wengine wa barua ndani ya Emacs: mu4e, notmuch, Rmail. Nishike ipi?

koma_na_mabano
Pole mkuu. Gnus ilizaliwa kwa ajili ya vikundi vya Usenet, mabaraza ya zamani ya mtandaoni, na kule ukishasoma kitu mmemalizana. Ndiyo maana folda isiyo na barua mpya inafichwa. Kwenye orodha bonyeza L kubwa, zitatokea zote. Kisha C-u (Ctrl pamoja na u) na Enta juu ya folda, utaulizwa unataka barua ngapi, na za zamani zimo. Mimi ni mwaka wa tisa na Gnus, sihami. Ila hilo la kuganda sikatai: inaongea na seva yenyewe, na Emacs inangoja jibu.

mzee_wa_terminali
Rmail ni ya mtu mwenye mashine moja na asiyesomea barua kwenye simu. Ruka.

baharini
Mkuu, kabla ya kuchagua msomaji jiulize nani atakuletea barua. mu4e na notmuch hazivuti barua zenyewe. Anayevuta ni mbsync (kifurushi chake kinaitwa isync): anashusha kila barua kama faili lake kwenye Maildir (folda ya barua kwenye diski yako), halafu mu (programu iliyo nyuma ya mu4e) au notmuch inatengeneza faharasa ya kutafutia kwa Xapian, injini ya utafutaji. Baada ya hapo unasoma na kutafuta kwenye diski yako, bando liwepo lisiwepo.

Ukishusha mara ya kwanza tumia bando la usiku. Na kwa Gmail usishushe folda ya barua zote pamoja na kikasha, kila barua itakuja mara mbili, kwa sababu lebo za Gmail zinaonekana kama folda. Utahitaji pia nywila ya programu, nayo hupewi mpaka uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Iweke kwenye ~/.authinfo.gpg, faili lililosimbwa, tafadhali usiiache wazi kwenye faili la mipangilio.

mu4e au notmuch? mu4e inahamisha faili kutoka folda hadi folda, kwa hiyo ukipanga kwenye laptopu, simu nayo inaona. notmuch haihamishi kitu, inabandika tagi kwenye hifadhidata yake. Tagi yako ya "ankara" simu haitaijua. Kwako wewe, mu4e.

tagi_tupu
Napinga kidogo. Mwenye orodha za majadiliano zenye barua mia kwa siku, notmuch haina mpinzani. Ila kwa mtafsiri mwenye wateja kumi, sawa, baharini kasema.

mchapamaneno
Nimerudi baada ya siku tatu. mu4e inakwenda vizuri, juzi nimepata mkataba wa 2019 bando likiwa limekata. Ila tangu nihamishe barua kwenda folda ya kumbukumbu, mbsync inagoma, inasema UID (namba ya barua) imejirudia.

baharini
Ile niliisahau, samahani. mbsync anaandika namba ya barua ndani ya jina la faili, kitu kama `,U=412`. mu4e ikihamisha faili na jina lile lile, linakutana huko na 412 nyingine. Weka hii kwenye faili la mipangilio la Emacs:

`(setq mu4e-change-filenames-when-moving t)`

Faili ambalo limeshagongana, ondoa hiyo `,U=412` kwenye jina lake kwa mkono, kisha endesha mbsync na `mu index`.

mchapamaneno
Imekubali! Sasa nifanyeje kila anwani iwe na sahihi yake mwishoni mwa barua?

koma_na_mabano
Ni mpangilio wa mu4e unaoitwa mu4e-contexts. Fungua uzi mwingine mkuu, maelezo yake ni marefu.