Mwanamke wa India aliyechunguza chembe za atomu?

Swali: Nafundisha fizikia, kidato cha tatu. Binti mmoja kaniuliza kama yupo mwanamke wa India aliyechunguza chembe za atomu. Nimtajie nani?

Jibu: Mwalimu, mtajie Bibha Chowdhuri, mzaliwa wa Kolkata, 1913. Yeye na mwanafizikia mwenzake D. M. Bose waliweka sahani za picha (vioo vilivyopakwa dawa ya kupigia picha) milimani Darjeeling, India, na chembe za mionzi ya kosmiki, itokayo angani, zikaacha nyayo humo. Vita Vikuu vya Pili vikawanyima sahani bora. Mwanafizikia Mwingereza Cecil Powell alizipata, akagundua chembe kwa njia hiyohiyo, akatunukiwa Nobel 1950. Jambo hili huniuma kila nikilikumbuka.

Jibu: Uzamivu Bibha alisomea Manchester, Uingereza, kwa mwanafizikia Patrick Blackett. Mwaka 2019 nyota HD 86081 ilipewa jina Bibha.

Muuliza swali: Ahsanteni ndugu zangu. Kesho namchorea binti ile sahani ubaoni.