Mrejesho: Kikundi chetu cha wapenzi wa ndege Kisumu kimehamia Mastodon, ila si wote

Niliwahi kuuliza hapa jinsi ya kukihamisha kikundi chetu cha wapiga picha wa ndege wa Dunga, kando ya Ziwa Victoria, kutoka mtandao mkubwa wa kijamii, ambako picha zetu zilikuwa hazionekani hata kwa wanachama wenyewe. Nawashukuru kwa dhati nyote mliojibu.

Mastodon ni mtandao wa kijamii usio na mmiliki mmoja: umeundwa na seva nyingi (kompyuta zinazohifadhi akaunti), kila moja ikiwa na wasimamizi na kanuni zake. Tulifuata ushauri wa kutoanzisha seva yetu, tukajiunga na seva kubwa ya jumla, kisha tukahamia ndogo ambayo kanuni zake zimeandikwa wazi na wasimamizi wake hujibu. Wafuasi walihama wenyewe, lakini machapisho yalibaki kwenye akaunti ya zamani; aliyetushauri kupakua kumbukumbu (nakala ya machapisho yetu) kwanza alituokoa. Waliochagua Pixelfed, mtandao wa kushirikishana picha, tunawafuata tukiwa Mastodon, kwa kuwa zote mbili hutumia ActivityPub, itifaki (kanuni za mawasiliano kati ya seva) iliyoidhinishwa na W3C, shirika la viwango vya wavuti, mwaka 2018. Ushauri uliozaa matunda zaidi ni wa alama ya reli (#), inayowawezesha watu kupata machapisho ya mada moja: picha ya ndege mwekundu kifuani akiwa kwenye mafunjo, yenye #ndege na maelezo kwa wasioona, ilipata majibu ya watu tusiowafahamu kabisa.

Tuliposhindwa ni kwa wazee wetu na waongoza mashua. Kuchagua seva kuliwachosha mapema, nao wamebaki WhatsApp, kwa hiyo matangazo ya safari tunayatuma kote kuwili. Mwenye njia rahisi ya kuwaingiza, tafadhali aiandike hapa.