Sofia Panina na zile rubli 93,000: alikosea kuwanyima Wabolsheviki?

Wakuu naomba tulijadili hili vizuri, maana likitajwa tu jina la tajiri wa Urusi enzi za tsar (mfalme wao), kama huyu mama Sofia Panina, watu wanafunga kesi palepale, eti yote yaliyomkuta alistahili. Sawa, mali ya Panina haikuwa safi na hilo silipingi, babu yake Viktor Panin alikuwa waziri wa sheria anayemiliki maelfu ya wakulima kama mali, na alikuwa mstari wa mbele kupinga kuachiwa kwao huru mpaka walipoachiwa 1861. Mjukuu akarithi mashamba, Marfino karibu na Moscow, na kasri la Gaspra kule Crimea ambako mwandishi Tolstoy alienda kuuguzwa 1901.

Ila mjukuu alifanya nini na hizo hela? 1903 akafungua Nyumba ya Wananchi kule Ligovka, St. Petersburg, mtaa wa walalahoi kwelikweli, wafanyakazi wanapata msosi wa bei poa, maktaba, ukumbi wa michezo ya kuigiza, madarasa ya jioni. Lenin mwenyewe, kiongozi wa Wabolsheviki, wale wakomunisti wa Urusi, alihutubia humo 1906 kwa jina la bandia, Karpov!

Sasa 1917 tsar kashatoka, Panina ni naibu waziri wa elimu kwenye serikali ya muda, Wabolsheviki wanapindua serikali hiyo na wanataka pesa ya wizara, ndio hizo rubli 93,000, mama akagoma, akasema hii ni ya umma nitaikabidhi kwa Bunge la Katiba tu, yaani bunge la kuchaguliwa na wananchi kutunga katiba. Wakamkamata, Desemba wakamburuza kwenye mahakama yao ya mapinduzi, na mfanyakazi mmoja akasimama mbele ya watu wote kumtetea na kumshukuru kwamba kupitia yeye ndio alipata elimu. Hukumu ikawa akae ndani mpaka pesa ilipwe, marafiki wakachanga akatoka.

Najua mtasema hela ya elimu kuizuia ni kuwaumiza watoto na walimu. Hoja nzito hiyo, siidharau. Lakini hilo Bunge ambalo wananchi walilipigia kura lilikutana Januari 1918, halikumaliza hata siku mbili likafungwa kwa mtutu, kwa hiyo hofu yake ilikuwa ya kweli kabisa. Na hakuzila yeye, alitoka Urusi 1920 bila kasri wala shamba, Geneva, Prague ambako alisimamia kituo cha wakimbizi wenzake, halafu Marekani, akafia New York 1956.

Anayesema alikosea aniambie, siku ile ofisi imevamiwa na Bunge bado halijakaa, hiyo pesa ya umma alitakiwa amkabidhi nani?